Tuneli ya Scotland Street ndani ya darasa la Goma: shajara ya maketi yangu

Siku ya 1

Mara hii nimeamua kuandika kila hatua. Maketi (mfano mdogo wa kitu cha kweli) ya mwaka jana ya pampu ya maji niliimaliza bila kuandika hata mstari mmoja, leo mtu akiniuliza ile bomba ya chini niliifunga namna gani sina jibu la kumpa.

Kazi yenyewe ni hii. Dada yangu anaishi Edinburgh kule Scotland, na si mbali na kwake kuna bustani ya watu wote inaitwa King George V Park, watoto wanacheza pale, kuna majani mazuri, na ukitembea kidogo unakutana na mdomo wa tuneli ya reli ya zamani umefungwa kwa milango ya chuma. Alinitumia picha kwa Watsapu akaandika tu "hivi vitu vyako". Njo, ni vitu vyangu kabisa. Nimekaa na hiyo picha wiki mbili nasoma kila ninachopata. Tuneli inaingia chini ya kilima na inapanda, inapita chini ya barabara na nyumba za watu mpaka inatokea juu pale ambapo leo iko stesheni kubwa ya Waverley. Urefu karibu mita 914, na inapanda 1 kwa 27, yaani kila ukienda mita 27 umeshapanda mita 1. Mtu wa miguu haoni kitu hapo ila kwa reli ni ukali mkubwa sana. Ilifunguliwa 1847, na injini za treni za wakati ule zisingeupanda mlima ule na mzigo, magurudumu yangeteleza tu, basi wakaweka injini ya mvuke juu kabisa, haitembei, imekaa pale pale kazi yake ni kuvuta magari kwa kamba. Na kushuka je? Kushuka hakuna injini. Magari yanashuka kwa uzito wake yenyewe, mbele yamefungiwa magari maalum ya breki na watu wa kukaza hizo breki.

Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Lakini hii ni chukudu!

Mtu wa Goma hana haja ya kuelezwa. Wale vijana wanaotoka Kibumba asubuhi na viazi na kabichi na makala (makaa ya miti), chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya magurudumu mawili, imebeba mamia ya kilo, barabara inashuka, hakuna motere, hakuna pedali, ni uzito tu unakuleta mjini na kipande cha mpira unachokikanyaga kwenye gurudumu la nyuma ndicho kinaamua utafika au hautafika. Kurudi juu unasukuma. Nafundisha darasa la sita, kila mwaka natafuta namna ya kuwaeleza watoto mteremko na msuguano na wananitazama tu, na treni hawajawahi kuiona sababu Goma hatuna reli. Sasa nimepata treni iliyoishi kama chukudu. Nitaijenga.

Siku ya 2

Hesabu. Nafasi niliyo nayo ni ukuta wa nyuma wa darasa. Nimeamua mbao tatu za mita 1.35, zikiunganishwa ni mita 4.05. Gawa kwa 27 unapata sentimita 15 kamili, kwa hiyo upande wa juu utainuka sentimita 15 kuliko wa chini. Tuneli ya kweli inapanda karibu mita 34 kwa jumla, hapo unaona ile bustani iko chini kiasi gani ukilinganisha na stesheni.

Nimebishana na nafsi yangu siku nzima kuhusu kipimo. Nikipunguza kila kitu sawasawa, mita 914 ziwe mita 4, basi gari la treni litakuwa na urefu wa sentimita 2 na kitu na upana kama kidole cha mtoto, hakuna atakayeona breki wala gurudumu. Basi magari na reli nitafanya 1 kwa 60, urefu wa tuneli ndio nitaufupisha. Mteremko siugusi. Mtu anaweza kunilaumu kwa mengine yote ila 1 kwa 27 itabaki 1 kwa 27, sababu njo roho ya kitu chote.

Siku ya 5

Mbao zimenunuliwa, zilikuwa mbichi, muuzaji aliapa ni kavu. Nimeziegemeza ndani ya nyumba chini ya mawe zisipinde.

Siku ya 9

Zimepinda kidogo hata hivyo. Baba mkubwa amezinyoosha kwa randa, yeye ni fundi wa chukudu miaka mingi, mikono yake inajua mbao kuliko macho yangu. Alipoona mchoro aliuliza swali moja tu: "Inabeba kilo ngapi?" Nikamwambia baba mkubwa ni ya kuonyesha watoto, akasema kila kitu chenye gurudumu kinabeba, niende nikafikiri.

Leo pia nimeanza kuta za tuneli. Upinde nakunja kwa tripleksi (plaiwudi) nyembamba niliyoiloweka maji ya moto, upande mmoja nauacha wazi na kufunika kwa plastiki ya chupa kubwa za maji zilizonyooshwa ili watoto waone ndani. Juu ya tripleksi naweka kole (gundi) na mchanga wa lava, kisha vipande vidogo vidogo vya lava nilivyovunja kwa nyundo, kimoja kimoja kwa koleo kama jino. Lava yetu ni nyeusi na ina matundu, jiwe la mdomo wa tuneli kwenye picha halina, kwa hiyo napaka juu yake chokaa yenye majivu kidogo, rangi inatulia.

Nilipokuwa nabandika nikakumbuka kitu ambacho dada aliniambia zamani nikakipita tu: mji wa Edinburgh wenyewe umekaa juu ya volkano ya zamani. Ule mwamba wenye ngome katikati ya mji, na kilima wanachokiita Arthur's Seat, vyote ni mabaki ya volkano iliyowaka karibu miaka milioni 340 iliyopita na ikazimika kabisa. Wanaipanda Jumapili na watoto na mikate. Sisi yetu tunaiona usiku inafanya wingu jekundu, 2002 ikapita katikati ya mji, 2021 ikaja tena ikasimama karibu tu na mji. Nimeshika jiwe la 2002 nalitia ndani ya ukuta wa mji ulio juu ya jiwe la miaka milioni 340, sijui niseme nini zaidi ila mikono ilikuwa inafanya kazi kwa heshima leo.

Siku ya 14

Reli imelala. Chuma cha beto (nondo) cha milimita 6, nafasi katikati milimita 24, vilala vya chini ya reli ni vijiti vya mti wa grevilea alivyovipasua mtoto wa jirani, 162, alivihesabu mwenyewe na akarudia kuhesabu.

Sasa magurudumu, na hapa ndipo tumekwama.

Baba mkubwa alichonga manne ya kwanza kama ya chukudu: mbao, na ukanda wa mpira wa tairi kuzunguka. Mazuri ajabu, ungesema chukudu ya sungura. Tukaweka gari kwenye reli. Halikutembea. Nikaligusa kwa kidole likaenda kidogo likasimama. Treni yangu iliyoishi kwa kushuka yenyewe imekataa kushuka!

Tukapima. Ubao wa mita 1 wenye reli, unainua upande mmoja polepole mpaka gari lianze kutembea lenyewe, unapima umeinua sentimita ngapi. Kwa mpira: sentimita 11. Yaani linahitaji mteremko wa 1 kwa 9, na mimi niko na sentimita 3.7 tu kwa kila mita. Tukatoa mpira, tukapaka mafuta kwenye misumari ya ekseli: sentimita 6. Bado.

Baba mkubwa hakufurahi kutoa mpira. Kwake gurudumu bila mpira halishiki barabara, na ana haki, kwenye lava na kokoto chukudu bila mpira ingekuvunja meno na isingesimama popote. Nikamweleza kwamba reli ni kinyume chake: chuma juu ya chuma, hazibonyei kama mpira wala hazishikani sana, njo maana farasi mmoja anaweza kuvuta kwenye reli mzigo ambao barabarani ungetaka farasi wengi. Na reli hii hii ya Scotland Street ilipoanza 1842, kabla tuneli haijaisha, magari yalikuwa yanavutwa na farasi. Lakini kile kile kinachofanya treni iteleze kirahisi ndicho kinachofanya injini ishindwe kupanda. Hauwezi kupata vyote viwili. Alinyamaza muda mrefu akizungusha gurudumu kwenye kidole. Kisha akasema: "Kwa hiyo walichagua kushuka vizuri, kupanda wakaomba kamba." Nimeandika neno lake kwenye ukuta wa darasa kwa chaki.

Siku ya 20

Nimeenda Birere, mtaa wa biashara hapa mjini, kwa fundi wa kompyuta. Rulema (beringi) za zile feni ndogo za ndani ya kompyuta, kipenyo cha nje milimita 8, tundu milimita 3. Alikuwa na feni mbovu ndoo nzima, nyingine zina rulema mbili, nyingine hazina kabisa ni kipande cha shaba tu, nimefungua 11 nikapata rulema 14. Nahitaji 12.

Gurudumu lenyewe: rondeli (washa ya bolti) ya namba 8 imebandikwa juu ya rondeli ya namba 10 kwa kole ya sehemu mbili. Ile ndogo inatembea juu ya reli, ile kubwa inashuka ndani ya reli kidogo kuzuia gari lisitoke. Rulema inaingia ndani ya tundu la rondeli ndogo na kipande cha karatasi ya sigara kuzibia nafasi. Kazi ya usiku na tochi mdomoni, umeme ulikatika saa mbili na haukurudi. Ukikosea robo milimita gurudumu linayumba kama mlevi, nimebandua matano nikarudia.

Kipimo: sentimita 2 kwa mita. Yaani 1 kwa 50! Mteremko wa 1 kwa 27 unatosha na unabaki. Nimemuamsha mke wangu kumwonyesha, akatazama gari linashuka lenyewe gizani kwa mwanga wa tochi, akasema limefanya sauti kama maji. Kweli limefanya sauti kama maji.

Siku ya 23

Magari matatu yote juu, gramu 270 kila moja. Nikaachia. Mita 4 kwa sekunde 7, chini hakuna kitu cha kulisimamisha, likapiga ukuta wa darasa, gari la mbele limepasuka mbele na ekseli moja imepinda. Watoto walipiga kelele ya furaha, mimi nilibaki nimesimama nafikiria gari la kweli. Hesabu ni nyepesi: gari la tani 10 kwenye mteremko wa 1 kwa 27 linajivuta chini kwa nguvu ya kilo karibu 370. Matatu, kilo 1,100 na zaidi. Mita 914, na giza, na watu wamekaa ndani na mizigo mapajani. Wale watu wa breki, majina yao hayako popote nilipotafuta, na kila treni iliyofika salama chini pale ambapo leo watoto wanacheza ilifika kwa mikono yao.

Siku ya 24

Breki. Niandike yote sababu hii ndiyo siku niliyojifunza zaidi.

Mimi nilikuwa nimechora gari la breki nyuma. Kwa akili yangu breki ni ya kuvuta nyuma, na chukudu pia breki yake iko nyuma. Lakini kila nilichosoma kinasema magari ya breki yalitangulia mbele wakati wa kushuka, na sikuelewa juu ya nini. Nikamuuliza baba mkubwa. Akachukua magari matatu akayapanga mezani, akachukua kipande cha uzi kinachounganisha la kwanza na la pili akakikata kwa kisu. Akasema, "Breki iko nyuma. Kamba imekatika hapa. Hili la mbele linakwenda wapi?" Linakwenda kufa, nikasema. Akageuza, breki mbele. Akakata tena. "Sasa?" Sasa ya nyuma yanakuja yanaegemea la mbele, na la mbele linashika yote. Kamba ikatike mahali popote, hakuna gari linaloachwa bila breki mbele yake.

Basi! Mzee ambaye hajawahi kuona treni hata kwa picha kabla ya mwezi huu. Na akaongeza kwamba chukudu ni kipande kimoja, haina mahali pa kukatika, njo maana inaweza kuweka breki nyuma.

Breki tuliyotengeneza: kijiti cha mti mgumu urefu wa sentimita 4, katikati kimetobolewa na msumari ili kizunguke, mwisho mmoja kimevaa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, mwisho mwingine ni mkono unaosukumwa na vise (skrubu). Ukikaza vise nusu mzunguko mpira unagusa rondeli, mzunguko mzima linasimama kabisa. Mpira uliotolewa kwenye magurudumu umerudi kwenye breki, baba mkubwa aliliona hilo mwenyewe na sura yake ikafunguka.

Nusu mzunguko pamoja na robo ya robo: linashuka mita 4 kwa sekunde 25, taratibu, bila kuongeza mwendo. Tumelirudia mara kumi na tisa.

Siku ya 31

Injini ya juu. Sikuweza kutengeneza ya mvuke, watoto wako karibu na sitaki chungu cha mvuke darasani. Nimepata motere ya kufutia maji kioo cha gari, volti 12, inazunguka kama mara 45 kwa dakika, nimeifunga ngoma ya mbao ya kipenyo cha sentimita 4, betri ni ya pikipiki. Inapandisha treni yote kwa sekunde 43. Nguvu inayohitajika ni ndogo mno, magari matatu yanajivuta chini kwa gramu 30 tu, weka na msuguano, bado haifiki hata gramu 50, na motere hii ingeweza kuvuta meza nzima, jambo ambalo litanirudia baadaye.

Kamba ya kwanza ilikuwa uzi wa nyavu wa nailoni. Mbaya. Unanyumbuka kama mpira, motere inaanza, gari halisogei, uzi unavutika, halafu gari linaruka mbele ghafla. Abiria wa kweli wangevunjika shingo. Nimebadilisha kwa kamba ya waashi, ile ya kusukwa wanayonyooshea ukuta. Ila ilikuwa inasugua vilala na kuvikata, basi kila sentimita 30 nimeweka kipande cha bomba la kalamu juu ya msumari katikati ya reli, kamba inatembea juu yake, kinazunguka. Vipande 13. Sauti yake ni nzuri, tiki tiki tiki tiki mpaka juu.

Watoto waliuliza moshi unatokea wapi ndani ya tuneli ndefu vile. Swali zuri sana. Jibu ni kwamba injini haiingii, imebaki nje juu, ndani ni kamba na magari tu.

Siku ya 33

Ajali. Nilimwachia mtoto mmoja azime motere treni ikifika juu, akageuka kumjibu mwenzake, treni ikafika mwisho ikagonga kizuizi na motere ikaendelea kuvuta, kamba ikakaza ikalia kama uzi wa gitaa, ikakatika. Breki ilikuwa imefunguliwa sababu tulikuwa tunapanda. Treni yote ikarudi chini ndani ya tuneli, tukaisikia tu haionekani, ile sauti ya maji lakini inakua, ikatokea chini ikaruka mbali. Magari mawili yamevunjika. Mtoto alilia, nikamwambia kosa ni langu niliyetengeneza kitu ambacho mtu mmoja akigeuza kichwa kinaua.

Siku ya 34 mpaka 39

Kurekebisha magari. Mvua imeingia darasani kupitia tole (bati la paa), upinde mmoja wa tripleksi umevimba, nimeukata nikaweka mwingine.

Siku ya 40

Tumepata. Springi ya kalamu imewekwa kwenye mkono wa breki, springi inasukuma breki ishike muda wote. Kamba ya kuvuta haikufungwa tena kwenye gari, imefungwa kwenye mkono wa breki wenyewe. Kamba ikivuta, mkono unavutwa, breki inaachia, gari linapanda. Kamba ikilegea au ikikatika, springi inarudisha breki yenyewe kabla gari halijapata mwendo. Kwa kushuka kuna ndoano ndogo ya kuzuia springi na mtu anatumia vise kama mwanzo.

Jaribio: treni iko katikati ya tuneli inapanda, baba mkubwa akakata kamba kwa kisu bila kutuambia. Ikarudi nyuma upana wa kidole, ikasimama. Tumekaa kimya wote. Akakata mara nne nyingine, kamba yangu sasa ina mafundo kila mahali na sijali hata kidogo.

Na nimeweka swichi juu, treni ikiigusa motere inazima.

Siku ya 46

Bustani. Majani ni unga wa mbao uliopakwa rangi ya kijani, mara mbili sababu ya kwanza ilikuwa kijani cha duka la dawa. Miti ni mizizi ya majani ya pwani ya ziwa iliyokaushwa. Milango ya chuma nimefanya kwa waya, inafunguka. Upande ule mwingine wa bustani kuna tuneli ya pili fupi, ya Rodney Street, hiyo leo watu wanapita kwa miguu na baiskeli, nimeonyesha mdomo wake tu.

Ndani ya tuneli kubwa nimegawa sehemu mbili. Nusu ya juu iko kama 1847, kamba na reli. Nusu ya chini, chini ya sakafu inayotoka, watoto wametengeneza maisha yake ya baadaye. Sababu tuneli ilifanya kazi ya treni miaka 21 tu. 1868 walifungua reli nyingine inayozunguka upande wa Abbeyhill, ndefu zaidi lakini mteremko wake mpole, injini inaenda yenyewe, hakuna kufungua magari, hakuna kungoja kamba. Tuneli haikuharibika, haikuanguka, ukuta wake mzima mpaka leo, ilishindwa na mteremko tu. Hapo nje kwenye mdomo, mahali pa bustani, pakabaki yadi ya makaa ya mawe mpaka miaka ya 1960. Na ndani, mwishoni mwa karne ya 19 watu walilima uyoga gizani. Vita vya pili vya dunia vilipokuja watu walijificha humo mabomu yasiwapate.

Uyoga wametengeneza kwa nta ya mshumaa: unachovya kichwa cha njiti ya kiberiti kwenye nta, unageuza, unangoja, unachovya tena, kofia inakua. Wametengeneza zaidi ya 200. Msichana mmoja aliuliza kama waliojificha vitani walikuta uyoga. Nikamwambia miaka imepita katikati, akasema hata hivyo yeye ataacha mmoja karibu na watu. Ameuacha.

Siku ya 52

Tumeonyesha. Wazazi walikuja wengi kuliko nilivyopanga, darasa likajaa mpaka dirishani. Treni imepanda na kushuka labda mara sitini, rulema moja imeanza kukwaruza, betri ilitaka kuisha saa tisa mtu akaleta ya pikipiki yake.

Alikuwepo mzee mmoja aliyesukuma chukudu ya Kibumba zaidi ya nusu ya maisha yake, sasa goti limekataa. Hakutazama kamba wala motere. Alipiga magoti pale chini kwenye mdomo wa tuneli, na hilo goti lake, akaomba breki aikaze yeye. Nikamwonyesha vise. Treni ikaanza kushuka, macho yake hayakuwa kwenye treni, alikuwa amefumba, vidole kwenye vise anasikiliza, robo, akaachia kidogo, robo tena. Ilichukua sekunde 40, polepole kuliko sisi wote tulivyowahi, ikaingia kwenye bustani ikasimama bila kugusa kizuizi, imebaki nafasi ya kupitisha karatasi. Watu wakapiga makofi. Akasema, "Mzigo ni wa watu, si wa viazi," akaomba arudie.

Dada alikuwa kwa simu ya video, intaneti inakatika na kurudi, na yeye kule alikuwa amesimama mbele ya ile milango ya chuma, kwa hiyo kwa dakika mbili hivi tulikuwa na midomo yote miwili kwenye picha moja.

Siku ya 53

Kuondoa vumbi, kubadilisha rulema, kamba mpya.

Mtoto yule wa vilala amenifuata leo na swali ambalo nilijua litakuja: treni ikitoka kwenye bustani inaenda wapi. Inaenda Granton, kwenye maji. Na hapo maji yana upana wa kilomita kama nane mpaka Burntisland ng'ambo, na daraja halikuwepo, daraja la Forth lilikuja 1890. Basi 1850 walifanya kitu ambacho wengi wanakihesabu kuwa cha kwanza cha namna yake duniani: meli yenye reli juu yake, Leviathan, magari ya mizigo yanashuka kwenye daraja dogo linalosogezwa juu na chini kufuata maji, yanaingia melini na mizigo yake ndani, yanavuka, yanatokea upande ule na kuendelea. Aliyepanga namna ya kuingiza magari melini ni Thomas Bouch, yule ambaye baadaye daraja lake la Tay lilianguka na treni 1879.

Amenisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama meli itaelea kweli au tutachora maji. Nimemwambia itaelea. Kesho asubuhi tunaenda bandarini pale kwa mafundi wa boti kuuliza wanaziba vipi mbao zisiingize maji, baba mkubwa amesema anakuja pia, na ameshauliza inabeba kilo ngapi.